Ulimbwende sio mambo ya mamiss

Mmeuliza wiki hii, riwaya gani ya zamani ina ulimbwende hasa na dhamira yake ni ipi. Nilivyomsomea shemeji swali akasema "kumbe siku hizi gazeti lenu la mamiss", nikacheka, na wengine ukiwaambia romantiki wanawaza mapenzi tu, kumbe ni mkondo wa fasihi unaotukuza hisia kali na maumbile ya asili kama milima.

Mi naleta Frankenstein ya Mary Shelley, ilitoka 1818, na mapenzi yake humo hata hayanogi. Ila milima sasa! Victor Frankenstein, kijana wa sayansi aliyeunda kiumbe kikawa hai, mdogo wake kauawa, binti wa kazi Justine kanyongwa bila kosa, jamaa anapanda Montanvert karibu na Mont Blanc peke yake, anatazama barafu moyo unaanza kutulia, na ni hapo hapo anamuona kiumbe wake anakuja mbio juu ya barafu. Yani mlima unaomliwaza Victor ndo kwake yule kiumbe, analala kwenye mapango ya barafu maana binadamu wote wamemfukuza. Hata hali ya hewa ilichangia, volkano ya Tambora kule Indonesia ililipuka 1815, mwaka uliofuata Ulaya ikakosa kiangazi, Mary ana miaka 18 mvua imewafungia ndani kando ya ziwa Geneva, mshairi Byron akasema basi kila mtu atunge hadithi ya kutisha.

Kuhusu dhamira, wengi wanasema ni onyo tusiingilie kazi ya Mungu. Sawa, lakini mi naona Victor kosa lake kubwa ni kutelekeza. Kiumbe kafungua macho, kaja mpaka kitandani, kafunua pazia, anachekacheka na mkono kanyoosha, baba mtu katoka nduki mpaka uani!

Halafu soma pale kwa mzee De Lacey, kipofu. Kiumbe kajificha kibanda cha pembeni miezi kadhaa, lugha kajifunza kwa kuchungulia ufa wa ukuta, usiku anawaletea kuni wenyewe hawajui nani. Siku mzee kabaki peke yake akajitosa kuingia, wakaongea vizuri tu kwa sababu mzee haoni, mwisho akamshika mkono anamuomba amlinde, mzee kashtuka anauliza "wewe ni nani?", mara mlango huo, mwanawe Felix kaingia na fimbo. Na hata angepewa nafasi ya kujibu sijui angesemaje, jina hakuwahi kupewa, hilo Frankenstein mnalomwita ni la baba yake.