Kabla Hujanunua Kisu cha Baharini na Porini

Vijana wanaonifuata hapa Amu, yaani mji wa Lamu, kuniuliza habari za vifaa vya safari, wengi huanza na bunduki. Wameona video: mtu yuko msituni, raifoli mgongoni, kisu kirefu kama mkono kimefungwa pajani. Wanataka kujua waanzie wapi. Mimi nimekulia kwenye mashua, na mpaka leo napeleka wageni visiwani na kulala nao ufukweni, na jibu langu ni lile lile. Anayeanza huku kwetu anahitaji kisu kimoja kifupi na mazoea ya kukitunza dhidi ya chumvi. Bunduki tuimalize upesi.

Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya 2013 haikuufungulia mlango. Kwa hiyo raifoli ya kuwindia haina kazi halali hapa, hata kama unawaona nguruwe mwitu wakikatiza njia jioni. Kumiliki silaha ya moto kunataka cheti cha Bodi ya Leseni za Silaha chini ya Sheria ya Silaha za Moto, Sura ya 114, na lazima uwe na sababu ya maana. Kupiga kambi wikendi si sababu. Na wale wa Malindi wanaoniuliza habari za bunduki ya mkuki ya kupigia samaki chini ya maji, hiyo nayo hairuhusiwi nchini, usidanganywe na mgeni aliyekuja nayo kwenye begi.

Lakini wapo kati yenu wanaoishi nyumba moja na polisi wa akiba, hasa upande wa bara ya Lamu, ambako watu hawajasahau shambulio la Mpeketoni la 2014. Nyinyi jueni haya. Bunduki ihesabu ina risasi hata ukiapiwa kuwa ni tupu. Mtutu usielekee mtu wala mlango, na kidole kikae nje ya kifyatulio. Na msidhani bahari ni mahali salama pa kujaribia shabaha. Risasi ikipiga maji kwa mlalo hudunda ikaendelea na safari, na hata ile ndogo ya 22 yaweza kuvuka kilomita moja. Mtu aliye kwenye ngalawa yake mbali kule hana habari na mchezo wenu.

Basi, kisu.

Swali la kwanza ninalomuuliza kijana ni kazi. Atakata nini? Wengi hunyamaza hapo, kwa sababu walikuwa wakifikiria sura ya kisu tu. Kwenye mashua utakata kamba, mshipi, nyavu, utapara samaki na kumpasua. Kambini utachonga vigingi, utakata matunda, utafungua vifurushi. Kazi hizo zote zafanywa na kisu chenye kengee, yaani bapa la kukatia, la sentimita 9 hadi 12, unene wa milimita mbili na nusu mpaka nne. Kufyeka njia na kukata kuni ni kazi ya panga, na panga kila nyumba inalo. Mgema ana kotama yake, fundi wa mashua wa Matondoni ana tezo lake, na hakuna kati yao anayetafuta chombo kimoja cha kufanya kila kitu. Sijui kwa nini sisi watu wa safari tunakitafuta.

Mpwa wangu alikuja siku moja na kisu cha aina ile ya sinema: mgongo una meno ya msumeno, mpini ni bomba lenye tundu ndani, na kifuniko chake kina dira. Ndani mna viberiti, sindano na uzi wa kuvulia.

"Mjomba, hiki kina kila kitu."

Nikamwambia afungue kifuniko, achungulie ndani. "Msuka uko wapi?"

Msuka ndio siri ya kisu. Ni ile sehemu ya chuma inayoingia kwenye mpini. Mpini ukiwa bomba tupu, maana yake msuka umeishia shingoni, umeshikwa na skrubu au gundi. Siku utakapokitia kisu nguvu ya kubandua chaza au kupasua kigogo, kitakatikia hapo hapo. Dira yenyewe ilikuwa ikionyesha kaskazini upande wa Shela, na Shela iko kusini mwetu.

Kisu kizuri cha kazi ngumu, msuka wake unafika mwisho wa mpini. Ukikigeuza utauona mstari wa chuma umepita katikati ya vipande viwili vya mti au plastiki vilivyopigwa riveti. Hiyo ndiyo aina rahisi kuikagua dukani. Ziko nyingine ambazo msuka umefichwa ndani, na si lazima ziwe mbaya. Visu vya Mora kutoka Uswidi ni hivyo, bei yake si ya kutisha, kengee kama sentimita 10, na vinafanya kazi miaka. La kutazama ni pale shingoni, mpini unapokutana na chuma. Pakiwa na mwanya, hata wa kuingiza ukucha tu, kiache. Maji ya chumvi yataingia hapo, na msuka utaoza ndani usikokuona mpaka kisu kikuachie mkononi.

Mpini uwe na kizuizi kidogo mbele, kwa sababu utelezi wa samaki hauna adabu. Kidole kikiteleza kutoka mpini laini, kinatua kwenye makali. Kwa mashua napendelea pia kisu kisicho na ncha kali, mgongo umeshuka mbele ukawa butu. Mabaharia wengi hutumia cha namna hiyo: chombo kikiyumba ukaanguka nacho, hakikuchomi wala hakimchomi mwenzako.

Sasa chuma, na hapa ndipo Lamu na Malindi zinapotofautiana na Nyeri. Chuma cha kaboni hushika makali upesi na kunoleka kirahisi, lakini ukikiacha usiku mmoja barazani wakati wa kusi, ule upepo wa kusini, asubuhi kina madoa mekundu. Chuma kisichoshika kutu kimechanganywa kromiamu, angalau asilimia 10.5, na kromiamu hiyo ndiyo inayotengeneza utando mwembamba wa kukikinga. Jina lake linadanganya kidogo. Chumvi ya bahari huutoboa ule utando, na utaona vishimo vidogo vyeusi, hasa karibu na mpini na mahali palipogandiwa na magamba. Kwa hiyo anayekwenda baharini nunua kisichoshika kutu, na bado kioshe. Wa shamba na msituni, kaboni inamfaa sana.

Kisu cha kaboni kina jambo moja la kufurahisha. Katia maembe mabichi au ndimu, utaona chuma kinageuka kijivu, kisha cheusi. Watu hukimbilia kukisugua kwa mchanga king'ae. Wasifanye hivyo. Weusi ule si kutu, na unasaidia kuizuia kutu nyekundu isishike. Inayokula chuma ni ile nyekundu, na hiyo itoe mapema kwa majivu na kipande cha ndimu, kisha suuza.

Kuosha kwenyewe ni kazi ya dakika moja. Maji matamu, kitambaa kikavu, halafu tone la mafuta. Najua maji ya visima vya Shela hayachezewi, lakini nusu kikombe yatosha. Mafuta mazuri ni ya nazi: ni salama kwa kisu cha chakula, na hayagandi upesi yakawa kama gundi. Ya simsim, ambayo nyumba nyingi za Amu haziyakosi, hunata baada ya muda na kushika vumbi.

Na ala? Hapa nitawaudhi mafundi wa ngozi, ambao Siyu ina sifa yao tangu zamani, na ala zao ni nzuri kutazama. Ngozi hunywa maji ya chumvi ikakaa nayo. Ukikilaza kisu ndani yake, unakilaza katika unyevu. Vaa ala ya ngozi mjini au shambani, na nyumbani kihifadhi kisu nje ya ala. Mashuani chukua ala ya plastiki yenye tundu chini la kutolea maji, na iwe inabana: ukiigeuza juu chini na kuitikisa, kisu kisianguke. Ifunge mahali ambapo mkono wowote, wa kulia au wa kushoto, unafika.

Ukitaka cha kienyeji, wahunzi wanaofua springi kuukuu za gari hutoa visu vya maana. Springi ni chuma kizuri, tatizo huwa kwenye kukitia moto na maji. Nenda na tupa, kile chuma cha kukerezea. Ipitishe taratibu ukingoni: ikiteleza kama juu ya kioo, chuma ni kigumu, ikishika na kuchimba bila shida, ni laini na makali hayatakaa. Kigumu kupita kiasi nacho humeguka, kwa hiyo mwombe fundi akuonyeshe alichokwisha kukitumia mwenyewe.

Kunoa ndiko wanakokwama wengi. Kinoo cha pande mbili, cha kukwaruza na cha kulainisha, kinatosha. Kiloweshe, laza kisu, kisha inua mgongo kiasi cha digrii 20. Kwa bapa la upana wa sentimita mbili na nusu, hiyo ni kama milimita 8 au 9 kutoka kwenye jiwe. Sukuma kana kwamba unachuna ganda jembamba la jiwe, kutoka shingoni mpaka nchani, bila kubadilisha mwinuko. Endelea upande mmoja mpaka upande wa pili, ukipitisha kidole kutoka mgongoni kuelekea nje, uhisi kiukingo kinachokwaruza mstari mzima. Hapo ndipo unageuza, si kabla. Malizia kwa mipigo mepesi ya kupokezana, kisha kwenye mkanda wa ngozi, ukivuta kinyumenyume. Ukiwa safarini bila kinoo, geuza kikombe cha kauri: ule mviringo wa chini usiopakwa rangi unarudisha makali ya kutosha kupara samaki.

Kamba nayo ina adabu yake. Iliyokazwa hukatika kwa kuguswa tu na makali, iliyolegea lazima ukereze. Ya nailoni hunyumbuka, na ikikatwa imekazwa hurudi kwa kishindo, basi usisimame kwenye mstari wake. Mguu wa mtu ukinaswa na kamba ya nanga inayoteremka, kata kati ya mguu na nanga. Na wavu ukijizonga kwenye rafadha, zima mashine kwanza, uchomoe na ufunguo, ndipo uiname na kisu.

Ukijikata, bonyeza kwa kitambaa safi dakika kumi bila kufunua kuchungulia. Usitie kahawa wala ugoro. Osha kwa maji safi, na kama jeraha ni la kina, au hukumbuki lini ulichomwa sindano ya pepopunda, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Mwisho ni njiani. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 88, inamkataza mtu kutembea na silaha hadharani bila sababu halali kwa namna ya kutia watu hofu. Jambia la bwana harusi hakuna anayeliuliza, lakini kisu kiunoni ndani ya basi la Malindi kwenda Mokowe kitakuteremsha kwenye ukaguzi. Kifunge kwa gazeti, kiweke katikati ya mzigo unaokwenda kwenye buti pamoja na mishipi na vyombo vya kupikia, na ukiulizwa sema mapema kuwa kimo. Kwa ndege, Manda au Malindi, ni mzigo wa kukabidhi tu. Ukikisahau kwenye begi la mkononi, kitabaki hapo hapo kwa askari wa ukaguzi.