Mgongo wa Baba Yako na Makubazi Niliyoyaficha

Mwanangu,

Shikamoo yako nimeipata, marahaba. Hapa Ngamiani sote wazima, mwembe wa uani umeanza kutoa maua na usiku kuna baridi ya kujifunika. Barua yako nimeisoma mara tatu. Umeniuliza jambo moja tu: yale mafuta ya bibi yako ya kuchulia mgongo yalitiwa nini, na kama naweza kukutengenezea chupa mbili nizitie kwenye basi la Morogoro. Unasema kiuno kinakuuma tangu kabla ya Ramadhani, kwamba ukiinuka kwenye cherehani lazima ushike meza kwanza, na vidonge havikusaidii tena.

Mafuta nitakutumia. Nimekwisha kuyatengeneza. Lakini wewe umeniuliza habari ya chupa, na mimi tangu niisome barua yako nayawaza makubazi ya baba yako. Nivumilie kidogo.

Mwaka 1998, baada ya zile mvua za El Nino, wewe ulikuwa darasa la pili na baba yako alikuwa bandarini kwenye matishari. Unajua meli zetu zilivyokuwa, zinatia nanga mbali na mzigo unakuja na tishari. Wiki ile walikuwa wanashusha saruji, mfuko wa kilo 50 begani, anarudi kuchukua mwingine, tangu asubuhi. Mgongo haukumshika na mfuko. Ulimshika jioni, kazi imekwisha, alipoinama kuokota kofia yake. Kofia tu! Wenzake walimleta wamemshika huku na huku, baiskeli yake inasukumwa nyuma na kijana mmoja anayelia.

Zahanati tuliyokwenda walituambia alale juu ya ubao, asitikisike. Mpaka lini hawakusema. Mimi nikajipangia mwenyewe: arobaini, kama mzazi. Bibi yako akaja kutoka Pangani na mkoba wake, maana yeye kazi yake ilikuwa kukanda wazazi, akamkanda mkwewe asubuhi na jioni kwa kitambaa cha maji moto. Akamchua. Kisha tukamfunga mkaja. Baba yako, mwanamume aliyebeba saruji miaka kumi na moja, amefungwa mkaja wa kanga kiunoni kama aliyejifungua jana, na akatuachia tu tumfunge. Nilimlisha kwa mkono wangu. Nilimwogesha pale pale kitandani. Ungeniuliza wakati ule ningekwambia sijapata kumpenda mtu kama nilivyompenda siku zile.

Siku ya ishirini na sita zikaja habari kwamba baba yako mkubwa amefariki Pangani. Baba yako akasema, "Nishike mkono nisimame." Nikamwambia haiwezekani. Akasema tena. Nikamwambia mgongo wako utakatika njiani nibaki na watoto wanne. Usiku nikamsikia anashusha mguu, vidole vinapapasa sakafuni kutafuta makubazi. Nikangoja asinzie, nikayachukua nikayaficha nyuma ya mtungi wa maji. Alfajiri akauliza, "Makubazi yangu yako wapi?" Nikasema sijui. Akageukia ukutani, na siku ile nzima hakula.

Njia ya Pangani wakati ule ilikuwa mashimo matupu, na mvua zilikuwa zimeikata mahali pengi. Labda kweli ingemuumiza. Nimejiambia hivyo miaka yote hii, na kuna siku naridhika. Kuna siku siridhiki. Yeye aliomba kumzika nduguye, nami nikamjibu habari ya mgongo. Mpaka Mungu alipomchukua hakupata kunitajia makubazi yale, na sijui kama alijua.

Arobaini ilipotimia tukampeleka hospitali, safari hii kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mwanamke mfupi mwenye mikono mizito kama ya bibi yako. Akauliza amelala siku ngapi. Nikajibu kwa fahari, arobaini. Hakusema neno. Alitoa utepe kama huo wako wa kushonea, akampima paja, akanionyesha jinsi lilivyopungua. Akaniambia nyama isiyofanya kazi inayeyuka, na nyama za mgongo na tumbo ndizo zinazouegemeza uti. Tulikuwa tumeziondoa nguzo wenyewe, kisha tunashangaa paa linalia. Akaufungua ule mkaja, akaukunja vizuri, akanirudishia mkononi. Kisha akamwambia baba yako, "Simama, baba." Akasimama. Akatembea kutoka benchi mpaka mlangoni, jasho linamtiririka, akageuka akanitazama. Nilitamani ardhi inimeze.

Tangu siku hiyo nasema, na ndugu zako wamechoka kunisikia: mgongo ni wa kutembezwa. Tanga hii ya baiskeli kila mtoto anajua mnyororo wa baiskeli iliyoegeshwa ukutani masika nzima unakuwaje. Baba yako alianza kwa kwenda mpaka mlango wa jirani na kurudi. Wiki ya pili mpaka msikitini. Mwezi wa pili alifika bustani ya Jamhuri, akakaa kuangalia bandari, akarudi kwa miguu. Matembezi hayo yalimuuma, usidhani hayakumuuma. Yule mama alikuwa ametuonya kwamba kuuma kidogo ukitembea si kuharibika. Kuna maumivu ya mwili unaozindukana, na hayo mtu huenda nayo.

Halafu kuna ile siku ya Galanos, na hapa mimi na bibi yako hatukupatana mpaka amekufa. Unayakumbuka maji moto ya kule Amboni, yanayonuka kiberiti kama yai viza? Yameitwa kwa jina la yule Mgiriki wa mashamba ya mkonge, ndiye huyo huyo wa shule ya Galanos. Bibi yako alisema hayo ndiyo dawa. Tukapanda daladala mpaka Amboni, kilichobaki tukatembea, baba yako mbele na fimbo, mimi nyuma na beseni. Alipoingia majini alikunja uso. Kisha nikamwona mabega yanashuka, yanashuka, mpaka akacheka. Ndiyo mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu ile kofia. Usiku ule alilala mpaka adhana.

Bibi yako akasema umeona, kiberiti. Mimi nikasema ni miguu, ametembea leo kuliko siku zote. Hata sasa nikiwa peke yangu nabishana naye. Maji ya moto hulegeza misuli, hilo nalijua, na mtu akiwa majini mwili unakuwa mwepesi, kiuno kinapumzika kubeba. Kiberiti chenyewe kinafanya nini, hapo ndipo tulipoachana. Lakini mbona alicheka ndani ya maji, hakucheka njiani? Basi nampa bibi yako nusu. Nusu tu.

Haya, mafuta. Nazi nne zilizokomaa, tui zito la kwanza, nalipika kwa moto mdogo mpaka maji yaishe na mafuta yabaki yakilia juu ya makapi ya rangi ya kahawia. Nachuja. Natia karafuu za Amani zilizopondwa kiganja kimoja, tangawizi kipande cha kidole, na pilipili kichaa tatu zilizokaushwa, naacha juani siku saba. Nachuja tena kwa kitambaa cheupe. Ni hayo tu, hakuna siri wala kisomo. Pilipili ndiyo inayochoma, na ule moto wake ndio unaoyazuga maumivu. Paka kidogo kwanza uone ngozi yako inavyopokea, usipake penye jeraha, nawa mikono kwa sabuni kabla hujagusa jicho wala mtoto. Na siku uliyopaka usikandwe kwa maji moto, utaungua. Kukanda kuna siku yake: kitambaa kizito, maji ya moto ambayo mkono unaweza kuyavumilia, dakika kumi na tano au ishirini, kisha inuka utembee wakati misuli imelegea. Ukimaliza ukalala umepoteza maji yako bure.

Mdogo wako wa chuo cha uuguzi alinisomea kwenye simu kwamba Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kiuno kinachouma muda mrefu, yaani zaidi ya miezi mitatu, ambapo wewe umekwisha fika. Anasema mwaka 2020 watu wenye maumivu ya kiuno duniani walikuwa milioni 619. Nikamuuliza, na mafuta ya bibi yenu je? Akasema mazoezi yamo, kuchua kumo, na hata pilipili ya kupaka imo, ingawa wanaitaja kwa tahadhari. Mikanda ya kufunga kiuno wanasema isitumike. Nikakaa kimya. Bibi yako alikuwa na haki kwenye chupa, akakosea kwenye mkaja, na mimi nilikosea kwenye kitanda.

Kwa hiyo fanya hivi. Kila baada ya nusu saa ya cherehani inuka, hata kama kuna mteja anangoja. Inua kiti chako au weka mto, usiinamie kitambaa kama unayetafuta sindano iliyopotea. Jioni tandika mkeka, lala chali, kunja magoti, ubandike mgongo chini kwa kubana tumbo, hesabu mpaka tano, achia. Mara kumi. Kisha inua makalio juu ushushe polepole. Kisha vuta goti moja kifuani, halafu la pili. Baba yako alifanya hayo kila siku mpaka uzee, mlikuwa mnamcheka. Na utembee. Anza dakika kumi, wiki ijayo ongeza.

Vile vidonge usinywe kila siku kama unavyosema. Diklofenaki inachoma tumbo na inachosha figo. Na yule jirani yako anayeuza unga wa mitishamba usio na jina, mwambie asante, uache hapo hapo. Dawa ya asili ninayokutumia naijua mnazi wake.

Ila nisikilize. Ukiona miguu inakosa nguvu, au ganzi katikati ya mapaja pale unapokalia, au mkojo unakataa kutoka au unatoka wenyewe, usingoje basi wala chupa yangu, nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata usiku wa manane. Na kama una homa za jioni, unakonda, au maumivu yanakuamsha usiku bila kupungua hata ukigeuka, nenda ukapimwe, maana hata kifua kikuu huingia kwenye uti wa mgongo. Hapo mama yako hana mafuta.

Kuna jambo jingine, ambalo hukuniuliza. Umeandika kwa mstari mmoja tu kwamba maji yanakatika siku nne kwa wiki na unabeba ndoo kutoka kisimani kabla ya kufungua duka. Ndoo ngapi hukusema. Nani mwingine yupo nyumbani saa hizo hukusema pia. Mimi sitasema. Nimeiandika sentensi hapa na nimeikata. Baba yako alipopona alichota maji ya nyumba hii kwa baiskeli, madumu mawili nyuma, mpaka nywele zikawa nyeupe, na hakuna aliyemwambia amekuwa mwanamke. Najua ndoa ya mtu haingiliwi, na mumeo ni kijana mwenye adabu, ananipigia kila Ijumaa. Lakini ndoo ya lita ishirini ni kilo ishirini, na kiuno ni chako. Nimesema sitasema. Akipiga Ijumaa hii nitamsalimia tu.

Chupa zimo ndani ya boksi la sabuni, nimezivingirisha kwa ule mkaja wa baba yako. Usiufunge kiunoni, ukate matambara ya kukandia. Mafuta yakiganda kwa baridi ya huko yaanike juani kidogo yatayeyuka. Basi linaondoka Jumatano saa kumi na mbili asubuhi, namba yako nimempa kondakta. Nenda stendi kwa miguu ukalichukue, na uende na mumeo, boksi ni zito.

Mama yako