Karate ya watoto: kucheza kiasi gani, kubana kiasi gani?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni senpai, yaani mwanafunzi mkubwa, namsaidia sensei (mwalimu) wetu kufundisha Shotokan, mtindo mmoja wa karate, watoto wa miaka 6 mpaka 10, Jumamosi asubuhi kwenye ukumbi wa shule hapa Mbagala. Sensei ni mtu wa zamani, mtoto akicheka tu kwenye mstari anapigishwa pushapu, sasa watoto wanamuogopa na wengine wameacha kuja. Siku akiwa hayupo mimi nawachezesha, wanafurahi balaa, ila wakishachangamka siwezi tena kuwarudisha, ni kelele mpaka muda unaisha, na kuna baba mmoja kaniambia yeye halipi hela mtoto aje kucheza. Hivi nani anakosea hapa?
Senpai, Mbagala

JIBU: Marahaba senpai. Tatizo lako sio michezo, ni kwamba michezo yako haina breki. Hebu niambie huwa inaishaje? Nahisi inaisha wewe ukiwa umepaza sauti "jamani inatosha, jamani nyamazeni" na hakuna anayekusikia.

Wakati breki mnayo tayari, inaitwa yame, yaani simama. Kwenye kumite, yaani pambano la watu wawili, refa akisema yame hata ngumi iliyokuwa njiani inasimama. Basi kabla ya mchezo mwingine wowote chezeni yame yenyewe, wakimbie ukumbi mzima, ukisema yame kila mtu anaganda kwenye zenkutsu-dachi, ule mkao wa goti la mbele kukunjwa, atakayetikisika anakaa pembeni raundi moja kisha anarudi. Moja tu, usimtoe moja kwa moja, maana anayetoka wa kwanza siku zote ni yuleyule mtundu anayehitaji hilo zoezi kuliko wote, ukimtoa atakaa pembeni anachokoza wenzake.

Wakishalishika hilo waletee nyama nyama, ile ile tuliyocheza wote mtaani, ila badala ya kuruka wanapiga mae geri, teke la mbele. Unaita "nyama ya mbuzi!", wanaitikia "nyama!" na teke linatoka. "Nyama ya kuku!", teke. Halafu ghafla "nyama ya fisi!", hapo hakuna kunyanyua hata goti. Utakaona tu katoto kameshapandisha goti kwenye fisi, kanalishusha polepole huku kanakuangalia kama umeona. Sasa hapo ndo penyewe, mtoto kajizuia mwenyewe bila kiboko wala pushapu, na wakati huohuo keshapiga mae geri nyingi kuliko ambazo angekubali kupiga kwa kuhesabiwa ichi, ni, san. Rede nayo inafaa sana, mpira wa soksi laini, aliye katikati akwepe kwa kugeuza mwili na mikono iwe juu, sio kukimbia hovyo.

Pushapu sasa. Mimi siipendi kama adhabu, sababu ni zoezi mnalolihitaji, ukilifanya fimbo mtoto atalichukia, na hiyo chuki anabaki nayo hata akifika mkanda wa kahawia. Ila kuna kitu sensei wako yuko sahihi kabisa na usikiguse: mstari, mokuso (kufumba macho na kutulia) na rei (kuinama kwa heshima). Hapo hakuna utani, hata wewe usicheke. Ila iwe fupi, mtoto wa miaka 6 ukimfumbisha macho dakika nyingi lazima atamfinya jirani yake, na hapo usimlaumu.

Usibishane na sensei mbele ya watoto. Muombe pembeni, "sensei nakuomba dakika kumi za katikati, wewe ufungue na wewe ufunge". Akikataa mkumbushe Anko Itosu, yule mzee wa Okinawa aliyeingiza karate mashuleni mwanzoni mwa miaka ya 1900, ndo alizipanga kata (miondoko iliyopangwa kwa mfuatano) tano za Pinan, hizi hizi mnazoziita Heian, ili wanafunzi wapate kitu wanachokiweza kabla ya kata ndefu za wakubwa. (Ingawa tuseme ukweli, karate ya mashuleni kule ilikuja kuwa ya mistari na kuhesabiwa kama gwaride, kwa hiyo na sensei anaweza kukurudishia hiyo.) Heian Shodan, ile ya kwanza, ina miondoko 21, mtoto mdogo mpe mitano, chora njia yake kwa chaki sakafuni ajue anageukia wapi, wiki ijayo umuongeze.

Na huyo baba mkaribishe akae dakika za mwisho, ita nyama ya fisi akiwepo. Ikiwezekana muingize na yeye kwenye mstari.

SWALI: Mwanangu wa miaka 8 anataka kuacha taekwondo, anasema inachosha. Nimlazimishe au nimuache?
Mama Rayyan, Tanga

JIBU: Mama Rayyan, kwanza muulize inachosha wapi. Akisema kurudia poomsae (kata za taekwondo) moja kila siku, ongea na kocha wake. Akisema kuna mtu anamuumiza kwenye sparingi, hiyo sio kuchoka, nenda ukaangalie mazoezi mwenyewe wiki hii na usiseme kwamba unakuja. Kama hakuna hata moja kati ya hayo, kubalianeni amalizie muhula ulioshalipia, kisha aamue yeye, na akiacha usimtanie kwa wajomba zake.