Kaki: ujue ni ya namna gani mbele ya kuiuma

Ba yaya na ba dogo, kila mwaka baridi ikianza huku Lubumbashi napata message ileile, "nimenunua kaki imenikaza mdomo yote, ni mbovu?" Kaki ni ile tunda ya rangi ya machungwa, Kiingereza wanaiita persimmon. Haiko mbovu. Ni vile umeikula saa yake haijafika, ao umechukua ya namna ingine ukaikula vile ulizoea kula ile ya mwaka jana. Kaki iko na aina mingi, kule Japani na Uchina ni mamia, na kila moja iko na tabia yake.

Mimi siangalie rangi kwanza. Rangi inadanganya sana, zote zinavaa rangi ya machungwa, na ile yenye kukaza mdomo inaweza kuwa nzuri ya macho kushinda ile tamu. Angalia umbo. Kama iko bapa na ya mviringo kama nyanya, ngozi laini bila mikunjo, hiyo inaweza kuwa Fuyu, unaikula ingali ngumu, unaikata vipande unatafuna, kwisha. Kama iko bapa lakini ukiitazama kwa juu unaona inataka kuwa na pembe ine na vifereji vinne vinashuka pembeni, hiyo ni ndugu yake, Jiro, na kule Marekani Jiro mingi inauzishwa kwa jina ya Fuyu, basi jina kwenye karto isikutie roho juu. Utamu wake hautakuangusha lakini.

Sasa ile ndefu, imechongoka chini na mara ingine iko na alama nyeusi ku ncha, hiyo ni Hachiya, na hiyo njo inagombanisha watu na matunda. Ikiwa ngumu usiiguse! Ndani yake kuko tanini mingi, ile kitu yenye kukaza mdomo, ikiingia mdomoni inashikamana na protini za mate, njo maana ulimi unakauka na meno unasikia kama si yako. Ingoje ilainike kabisa, mpaka ukiishika unaogopa itakupasukia mkononi, hapo tanini imejifunga haiwezi tena kuyeyuka mdomoni na unakula na kijiko. Kwa mimi Hachiya iliyoiva vizuri inashinda zote, watu wasiseme.

Lakini tuseme ukweli, huku kwetu zile tunaona sana mu maduka makubwa zinapita Kasumbalesa, ku mpaka na Zambia, kutoka Afrika Kusini, kati ya mwezi wa nne na wa saba, na mingi ni Triumph, etiketi inaandika Sharon. Iko bapa, inakaribia kuwa na pembe ine, na karibu kila mara haina mbegu. Hapa njo watu wanachanganyikiwa, juu Triumph kwa asili yake inakaza mdomo sawa na Hachiya, ila wanaifungia kwanza mu chumba yenye gesi ya kaboni dayoksaidi karibu siku moja, ukali unaisha na tunda inabaki ngumu. Ukipata ya mti wa mtu mwenye hana hiyo chumba, ingoje ilainike. Ile ya Hispania, Rojo Brillante ya kule Valencia, kubwa na ndefu kidogo, nayo wanaifanya vilevile, hiyo inatokea mwisho wa mwaka, basi mwezi peke yake unaweza kukuambia tunda imetoka wapi.

Kuko na ingine moja inatupwa bure. Unaikata unakuta nyama ya kahawia kuzunguka mbegu, unasema imeoza. Apana. Kuko aina zenye nyama inabadilika rangi na kuwa tamu fasi mbegu imekaa, Nishimura Wase ni moja yao, na kama mbegu ni kidogo, upande moja ya tunda ni tamu na ule mwingine unakaza mdomo. Inusie, ibonyeze, kama haina harufu ya kuchacha kula.

Ukiwa na shaka kata kipande chembamba, gusisha ncha ya ulimi, ngoja kidogo. Ikikaza, weka mu sashe pamoja na ndizi zenye zimeiva, hewa ya ndizi inaiharakisha, hata kama mu baridi ya mwezi wa sita inakawia. Kama umeme iko, friza nayo inapunguza ukali, ukitoa ikayeyuka inakuwa laini. Na mama zangu, msipe watoto kaki yenye kukaza na tumbo tupu, hasa mingi, ile tanini inaweza kugandana na asidi ya tumbo ikafanya bonge ngumu, madaktari wanaijua hiyo shida, mara ingine inaisha kwa operesheni.

Wale wananiuliza kupanda mbegu ku parcelle: mbegu haitakupa tunda yenye ulikula, inaweza hata kukupa mti dume ukae nao miaka unamwagilia kivuli tu. Tafuta mche wenye wamepandikiza, na mbele ya kulipa uliza jina ya aina na ni mizizi ya mti gani iko chini yake.