Kura yangu ni kwa Februari 1937

Mmeuliza juma hili: katika miaka ya mwanzo ya televisheni, ni hatua ipi iliyokuwa kubwa kuliko zote?

Najua wengi watataja Januari 26, 1926, siku mvumbuzi John Logie Baird alipowaonyesha wanasayansi picha za nyuso za watu katika chumba kimoja cha Soho, London. Ni siku ya kuheshimiwa. Lakini mimi hutengeneza televisheni hapa Kondele, Kisumu, na kura yangu naipa Februari 1937, BBC ilipoachana na mitambo ya Baird, ya sahani inayozunguka, ikabaki na ile ya elektroni ya kampuni ya Marconi-EMI peke yake.

Baird alitegemea sahani iliyobuniwa na Mjerumani Paul Nipkow mwaka wa 1884. Ina matundu yaliyopangwa kwa mzunguko unaoingia ndani, na inapozunguka, kila tundu hupitisha mstari mmoja wa picha. Mwaka wa 1926 mistari hiyo ilikuwa 30 tu. Ukitaka picha safi, uongeze matundu. Ukiyaongeza yanakuwa madogo na mwanga unafifia, la sivyo sahani nayo inakua hadi kufikia gurudumu la mkokoteni. Huendi mbali na chuma kinachozunguka.

Elektroni, zile chembe ndogo mno za umeme, hazina shida hiyo. Ndani ya tyubu ya kioo isiyo na hewa, sumaku huzipinda huku na huku na hakuna kitu cha kusagika. Philo Farnsworth, mtoto wa mkulima huko Marekani, alikuwa na umri wa miaka 21 aliporusha picha kwa njia hiyo mjini San Francisco, Septemba 7, 1927. Picha yenyewe ilikuwa mchoro wa mstari mmoja tu.

BBC ilipofungua matangazo yake ya televisheni katika jumba la Alexandra Palace, London, Novemba 2, 1936, iliipa kila mitambo zamu yake. Baird alikuwa na mistari 240. Marconi-EMI walikuwa na 405, mara 25 kwa sekunde, yaani mistari zaidi ya 10,000 kila sekunde! Kwa Baird, mtangazaji aliketi gizani akimulikwa na nukta ya mwanga inayokimbia. Vipindi vikubwa vilipigwa kwanza kwenye filamu, ikasafishwa haraka haraka, ndipo picha ikarushwa. Kamera za EMI ziliweza kutolewa hata uani. Mwezi huohuo moto ukateketeza jumba la Crystal Palace, palipokuwa na karakana za Baird, na hilo linanihuzunisha hadi leo. Ila hata bila moto, sahani ilikuwa imefika mwisho wake. Mei 12, 1937, kamera za elektroni zilikuwa Hyde Park Corner zikionyesha msafara wa kutawazwa kwa Mfalme George VI.

Kenya ilipoanza televisheni mwaka wa 1962, mtambo uliokuwa katika nyumba ya shambani huko Limuru ulifika maili 15 hivi tu, na sisi wa huku ziwani tulikuwa nje kabisa. Lakini njia ilikuwa ileile ya elektroni. Hadi leo naletewa televisheni zenye kisogo kirefu. Fungua nyuma: shingo ya kioo, koili za shaba zimeizunguka, na ndani bunduki ya elektroni, sehemu inayozirusha. Upande unaosukuma picha juu na chini ukifa, kioo chote kinabaki na mstari mmoja mweupe katikati, na fundi anajua mara moja aanzie wapi.

Msiseme namnyima Baird haki yake. Alionyesha televisheni ya rangi mapema, mwaka wa 1928, kwa sahani zake. Na Agosti 1944, vita vikiendelea, alionyesha tyubu ya rangi aliyoiita Telechrome. Haikuwa na sahani inayozunguka. Ilikuwa ya elektroni tupu.