Binti anataka kitabu cha pili. Nimnunulie?

SWALI: Shikamoo shangazi. Binti yangu ana miaka 14. Amemaliza Children of Blood and Bone kwa siku nne, ugali anaula huku kitabu kiko mapajani. Sasa ananisumbua nimnunulie cha pili, Children of Virtue and Vengeance. Nimepekua cha kwanza, nimekuta uchawi, miungu na watu kuuana. Sisi ni watu wa dini. Nimkatalie? – Baba Binti, Morogoro

JIBU: Marahaba, baba. Neno “uchawi” ndilo lililokutisha. Kwetu mchawi ni yule wa ungo na usiku wa manane. Huku ni Orïsha, nchi ya kubuni iliyoshonwa kwa imani za Wayoruba, na nguvu hizo mtu anazaliwa nazo. Wenye nazo wanaitwa maji (nilicheka peke yangu). Lakini hebu fikiri: Kinjeketile wa Ngarambe na maji yake tunamfundisha shuleni, vita vya 1905 hadi 1907, na sijasikia mzazi aliyekwenda kulalamika. Tunajua kisa kile ni cha watu waliochoka kuonewa.

Hiki nacho ni hivyohivyo. Mwandishi, Tomi Adeyemi, ni Mmarekani mwenye asili ya Nigeria, na mwishoni mwa kile cha kwanza ameeleza kuwa alikiandika kwa uchungu wa kuona watu weusi wasio na silaha wakipigwa risasi na polisi wa Marekani.

Cha pili, cha 2019, mimi nakiona kigumu zaidi, kwa maana nzuri. Nguvu zimerudi kwa maji, sawa, ila zimerudi pia kwa wakubwa wa jeshi na wa ikulu wenye damu hiyo. Malkia Nehanda, mjane wa yule Mfalme Saran aliyewaua maji, naye anazo, tena si haba! Basi ile hesabu ya kwamba mnyonge akipata nguvu mambo yatanyooka inavurugika. Amari, binti wa Saran na Nehanda, anataka kiti cha enzi ili alete amani. Zélie, msichana wa maji ambaye mama yake aliuawa na watu wa nyumba ile, amani hiyo haimwingii akilini. Nilikuwa upande wa Zélie, nikahamia kwa Amari, nikarudi.

Katikati pamelegea. Wanagombana, wanapatana, wanagombana tena. Nilisinzia mara mbili kwenye basi. Na mwisho wake unakuacha njiani: cha tatu kilitoka 2024, mpwa wangu akamaliza sekondari bado anasubiri.

Damu imo, haijafichwa. Kwa miaka 14 mimi ningempa, ila nawe ukisome nyuma yake. Kuelekea mwisho kuna amri moja anaitoa Amari. Usimdokezee. Akifika hapo muulize angekuwa yeye angefanyaje, halafu unyamaze umsikilize.

Na ugali aule mezani.