Maswali ya Wasomaji: Programu inayong'ang'ania seva ya majina ya zamani

Swali: Nina programu niliyoiandika kwa C, inayofanya kazi mfululizo kwenye Linux yenye glibc 2.17 (maktaba ya C ya mfumo). Tulipobadilisha seva ya majina (DNS, inayogeuza jina kuwa anwani ya IP) ndani ya /etc/resolv.conf, amri ya ping iliifuata mpya papo hapo, ila programu yangu iliendelea kuuliza ile ya zamani mpaka nilipoizima na kuiwasha. Nimekosea wapi?
*Msomaji, Morogoro*

Jibu: Faili lako huenda ni zima kabisa. La kuangalia ni *lini* linasomwa. Programu inapotafuta jina kwa mara ya kwanza, maktaba ya C hulisoma resolv.conf na kujaza muundo uitwao `_res`: seva, vikoa vya kutafutia (vinavyoongezwa mwishoni mwa jina fupi), muda wa kusubiri. Baada ya hapo hutumia kilichomo kwenye kumbukumbu, hata faili likibadilika. Ping huanza upya kila unapoiita, ndiyo maana iliona mabadiliko.

Tangu glibc 2.26 ya mwaka 2017, maktaba hugundua yenyewe kwamba faili limebadilika na kulisoma tena, isipokuwa umeweka `options no-reload`. Kwa 2.17 yako, ita `res_init()` mwenyewe: ama utafutaji unaposhindwa, kisha ujaribu mara moja zaidi, ama `stat()`, inayosoma taarifa za faili, inapoonyesha limeguswa. Hurudisha 0 ikifaulu na -1 ikishindwa. Usiiite kabla ya kila utafutaji, maana utafungua faili lilelile maelfu ya mara bila sababu.

Na faili lenyewe ulikague kwa jicho kali, kwa sababu `res_init` hailalamiki ikikuta kosa. Nafasi moja tu mbele ya neno `nameserver` inatosha mstari mzima kupuuzwa. Seva zinazosomwa ni 3; ya nne haihesabiwi. Pasipo mstari wowote wa `nameserver`, maswali yote yanapelekwa 127.0.0.1, yaani mashine yenyewe. Ukiandika mistari ya `domain` na `search` (ya vikoa vya kutafutia) pamoja, ulioandikwa mwisho ndio unaoshika.

Usiache pia muda wa kusubiri bila kuufikiria. Kawaida ni sekunde 5 na majaribio 2, hivyo seva ya kwanza ikifa, kila jina jipya linachelewa sekunde 5 kabla ya seva ya pili kuulizwa. Mtumiaji ataona mfumo umeganda. `options timeout:2 attempts:2` inapunguza sana maumivu hayo. Kujaribu bila kugusa faili, tumia kigezo cha mazingira, ambacho kina nguvu kuliko faili:

`RES_OPTIONS="timeout:1 attempts:1" ./programu`

Swali: Nataka programu yangu yenye nyuzi (threads) 8 iulize seva ya ofisini tu, 10.0.0.53, bila kubadilisha mipangilio ya mashine nzima. Nimebadilisha `_res` mwanzoni mwa `main`, lakini nyuzi nyingine hazijali. Nifanyeje?
*Msomaji, Nairobi*

Jibu: Kila uzi una `_res` yake, kwa hiyo ulichobadilisha ni cha uzi mkuu peke yake. Achana na `_res`. Kila uzi uwe na muundo wake na uuandae kwa `res_ninit`:

```c
struct __res_state st;
unsigned char jibu[4096];

memset(&st, 0, sizeof st);
if (res_ninit(&st) == -1)
    return -1;
st.nscount = 1;
st.nsaddr_list[0].sin_family = AF_INET;
st.nsaddr_list[0].sin_port = htons(53);
inet_pton(AF_INET, "10.0.0.53",
          &st.nsaddr_list[0].sin_addr);
int n = res_nquery(&st, "example.com",
                   ns_c_in, ns_t_a,
                   jibu, sizeof jibu);
res_nclose(&st);
```

Ukiruka `memset`, takataka zilizomo kwenye kumbukumbu zinaweza kuchukuliwa kuwa mipangilio halali, na programu ikaanguka siku usiyoitegemea. Ukisahau `htons` kwenye kompyuta za kawaida za x86, swali litaenda poti 13568 badala ya 53, nawe utabaki kulaumu mtandao. Ukisahau `res_nclose`, soketi na kumbukumbu zitavuja kidogo kidogo. Wakati wa kukompaili, weka `-lresolv` mwishoni, baada ya majina ya mafaili yako.

Jambo moja huwachanganya wengi: `getaddrinfo`, njia ya kawaida ya kutafuta majina, haiujui muundo huu wako. Vilevile `res_nquery` haiangalii /etc/hosts wala haiongezi vikoa vya `search`. Ukivihitaji vikoa hivyo, tumia `res_nsearch`. Jibu linakuja kama baiti za DNS zilivyo, utazifungua kwa `ns_initparse`.

Swali: Msimbo unaokubali Debian unakataa ndani ya konteina ya Alpine. Kompaila inasema haiijui `res_ninit`.
*Msomaji, Kisumu*

Jibu: Alpine hutumia musl, maktaba nyingine ya C, si glibc. Humo `res_init` ipo kwa jina tu: hurudisha 0 bila kufanya lolote, kwa kuwa musl husoma resolv.conf upya katika kila utafutaji na kuuliza seva zote kwa pamoja, ikichukua jibu linalowahi. `res_ninit` haimo. Kama lazima uchague seva ndani ya programu, hamia maktaba ya c-ares, ambayo hukubali orodha ya seva kupitia `ares_set_servers_csv` na hufanya kazi kwenye glibc na musl pia. Kama hulazimiki, tumia konteina ya Debian na uache msimbo wako ulivyo.